Mnada wa kushusha bei: Serikali ikiokoa, mzabuni mdogo apime wapi?

DALALI wa mahakama anaponadi gari la mdaiwa, hakuna kwenye umati anayehitaji kuelezwa mchezo ulivyo. Gari ni moja, wanaolitaka ni wengi, na kila anayetaja dau anampandishia mwenzake. Nyundo ikigongwa, aliyetaja bei ya juu kuliko wote ndiye anayeondoka na funguo.

Sasa geuza kila kitu. Mnunuzi ni mmoja, naye ni Serikali. Wauzaji ndio wengi, kila mmoja amekaa mbele ya kompyuta yake, pengine mikoa tofauti. Wa kwanza anataja Sh2,900 kwa kilo ya maharage, wa pili anasema 2,850, wa tatu 2,840, na namba zinaendelea kuteremka hadi muda unapokwisha. Aliye chini kuliko wote ndiye anayepewa kazi.

Huo ndio mnada wa kushusha bei, njia ya ununuzi ambayo serikali nyingi duniani zimeikumbatia tangu mtandao wa kompyuta uingie ofisini. Kwa mlipa kodi ni habari njema, kwani wauzaji wanabanana mbele ya macho ya wote badala ya kupatana bei nyuma ya mlango. Kwa mwenye mtaji mdogo, hata hivyo, dakika 10 za mnada huo zinaweza kumaliza faida ya msimu mzima.

Nani aumie na nani apone ni jambo linaloamuliwa na masharti yaliyoandikwa kabla saa haijaanza kuhesabu. Brazil ni miongoni mwa nchi zilizoyaandika masharti hayo, zikayafuta na kuyaandika upya kila wazabuni walipogundua mwanya mpya, na ndiyo maana historia yake inafaa kusomwa na yeyote anayeuza au anayetarajia kuuza bidhaa serikalini.

Bei kwanza, karatasi baadaye

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, zabuni za Serikali ya Brazil ziliendeshwa kwa sheria ya mwaka 1993 ambayo ilipenda karatasi kuliko bei. Bahasha za vyeti vya wazabuni wote zilifunguliwa kwanza. Aliyekosa karatasi alienguliwa, aliyeenguliwa alikata rufaa, na miezi ilipita kabla bahasha ya bei haijaguswa.

Mwaka 1997 sheria ya mawasiliano ya simu ilimruhusu mdhibiti wa sekta hiyo kutumia njia mpya iliyoitwa 'pregão', yaani mnada wa kunadi kwa sauti. Mwaka 2000 njia hiyo iliruhusiwa kwa Serikali Kuu, na sheria ya mwaka 2002 ikaifungua kwa majimbo na manispaa zote. Amri ya Rais ya mwaka 2005 ikaifanya kuwa ya lazima kwa bidhaa za kawaida zinazonunuliwa na Serikali Kuu, huku ikitaka ifanyike zaidi kwa kompyuta.

Jambo kubwa lilikuwa kugeuza utaratibu. Kwanza watu washindane kwa bei, kisha ofisa akague vyeti vya mshindi peke yake. Akiwa na kasoro, anaitwa wa pili. Kazi iliyochukua miezi ikawa ya wiki chache.

Sheria hiyo iliweka pia uzio unaofaa kuangaliwa kwa makini. Mnada ulikuwa wa 'bidhaa na huduma za kawaida' tu, yaani zile ambazo ubora wake unaweza kuelezwa kwenye tangazo kwa maneno ya kila siku ya sokoni, kiasi kwamba anayesoma anajua hasa kinachotakiwa. Karatasi za kuandikia, mafuta ya gari, sukari, matairi na usafi wa ofisi vinaingia humo. Kitu kinachohitaji mtu kukaa na kubuni hakimo.

Uzio huo unamlinda mnunuzi kama unavyomlinda muuzaji. Tangazo likisema 'maharage' basi, atakayeshinda ni mwenye maharage yaliyobunguliwa, na yule aliyechambua yake vizuri atakuwa amejiumiza bure. Likisema aina, kiwango cha unyevu, kiasi cha takataka kinachoruhusiwa na uzito wa gunia, wote wanashindana kwa kitu kimoja. Ofisa ugavi mvivu wa kuandika sifa za bidhaa ndiye adui wa kwanza wa mzabuni mwaminifu kwenye mnada wa aina hii.

Sungura kwenye mnada

Haukupita muda mrefu kabla wajanja hawajasoma mchezo. Kwa kuwa vyeti vinakaguliwa mwishoni, kampuni mbili zinazofahamiana ziliweza kuingia pamoja. Moja inashusha bei kwa kishindo hadi pale ambapo wengine wote wanakata tamaa na kuacha kutaja dau. Ya pili inakaa juu yake kidogo tu. Saa ikiisha, ile ya kwanza 'inasahau' kuleta vyeti, inaenguliwa, na kazi inakwenda kwa mwenzake kwa bei ambayo wazabuni halali wangeweza kuishinda kama wasingetishwa.

Wabrazil wanamwita mzabuni huyo wa kwanza 'sungura', na mtu aliyekulia hadithi za Kiswahili hahitaji kuambiwa kwa nini jina hilo limemkaa.

Dawa iliyokuwemo kwenye sheria ya 2002 ilikuwa kali. Mzabuni aliyeshindwa kuleta vyeti au kukataa kusaini mkataba baada ya kushinda aliweza kufungiwa kufanya biashara na Serikali hadi miaka 5. Tatizo ni kwamba maofisa wengi hawakuitumia. Waliona ni usumbufu, wakamwita wa pili na kuendelea na kazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Hesabu ya nchi hiyo, ambayo ndiyo chombo cha juu cha ukaguzi, ilibidi iagize taasisi za Serikali Kuu kufungua mashauri ya adhabu kila mzabuni anapofanya hivyo, badala ya kufumba macho.

Kwa mzabuni mdogo asiye na hila, adhabu hiyo ina makali pia. Anayetaja bei kwa papara kisha akagundua usiku kwamba haitoshi, hawezi kusema alikosea na kwenda zake. Dau lililotajwa ni ahadi.

Roboti na sekunde za mwisho

Ugomvi mwingine ulikuwa juu ya saa. Mnada ukifungwa saa 4:00 kamili, kila mtu atakaa kimya hadi saa 3:59 na sekunde 58, kisha ashushe dau lake wakati wengine hawana nafasi ya kujibu. Kulikwepa hilo, amri ya 2005 iliweka muda wa kufunga usiojulikana. Msimamizi alitangaza kuwa mnada unaelekea mwisho, na baada ya hapo mfumo wenyewe uliweza kufunga wakati wowote ndani ya dakika 30.

Lilikuwa wazo zuri hadi zilipoingia programu za kompyuta zinazotaja dau zenyewe. Mtu akishusha, programu inashusha chini yake kwa senti chache kabla hajainua kidole. Kwa kuwa mnada unaweza kufungwa sekunde yoyote, mwenye programu ndiye aliyekuwa mbele karibu kila sekunde. Mwenye duka aliyekaa mbele ya kompyuta na kikombe cha kahawa hakuwa na nafasi.

Wakaguzi walisema hali hiyo inavunja usawa wa wazabuni. Mwaka 2011 ikawekwa kanuni kwamba mzabuni mmoja asiweze kutaja madau mawili ndani ya sekunde 20, na baadaye ikaongezwa nafasi ya sekunde 3 kati ya dau la mtu mmoja na la mwingine. Dawa hiyo ilipunguza makali bila kuponya ugonjwa.

Amri ya mwaka 2019 ndiyo iliyobadilisha saa yenyewe. Katika aina ya kwanza, mnada unadumu dakika 10, lakini dau likitajwa katika dakika 2 za mwisho, muda unaongezeka dakika 2 nyingine, na kuendelea hivyo hadi wote wanyamaze. Hapo hakuna faida ya kuvizia. Katika aina ya pili kuna dakika 15 za wazi, kisha muda usiojulikana usiozidi dakika 10, na mwishoni waliokaribiana na mshindi wanaruhusiwa kuandika bei moja ya mwisho kwa siri ndani ya dakika 5. Taratibu hizo ziliendelea hata baada ya sheria mpya ya ununuzi ya mwaka 2021 kuchukua nafasi ya zile za 1993 na 2002.

Muda wote huo kila mzabuni anaona dau la chini ni kiasi gani, lakini haoni ni la nani. Kuficha majina kunafanya iwe vigumu kwa wakubwa kupeana ishara, na kunamzuia ofisa asimnong'oneze rafiki yake.

Hesabu ya gunia

Sheria ya Brazil inaongelea pia bei 'isiyotekelezeka', yaani ile ambayo mtu hawezi kuileta bidhaa kwa bei hiyo bila kuibia ubora au kufilisika. Kwa bidhaa na huduma za jumla, kanuni ya mwaka 2022 inasema dau lililo chini ya asilimia 50 ya makadirio ya Serikali linatiliwa shaka, na mwenye dau anatakiwa kueleza atalitimiza vipi. Kwa kazi za ujenzi, sheria ya 2021 imeweka mpaka kwenye asilimia 75.

Ni vizuri kuwepo, lakini mzabuni mdogo asidhani mpaka huo ni ngao yake. Chukua mfano wa kubuni wa mfanyabiashara anayetaka kuuza tani 10 za maharage kwa shule za bweni. Kwa mkulima ananunua kilo Sh2,200. Usafiri ni Sh180 kwa kilo. Magunia na kuchambua ni Sh60. Yanayopotea kwa kupepeta, takriban asilimia 2, ni Sh44. Kupakia na kushusha ni Sh16. Hadi kufika stoo ya shule, kilo imemgharimu Sh2,500 na mzigo wote Sh25 milioni.

Kama makadirio ya mnunuzi yalikuwa Sh2,900, sheria ya namna ya Brazil ingeanza kutilia shaka dau likishuka chini ya Sh1,450. Mtu huyu anaanza kula mtaji kwenye Sh2,499. Kati ya namba hizo mbili hakuna ofisa wala kompyuta itakayomshika mkono.

Ndiyo maana wazoefu wa minada hii huandika namba yao ya mwisho kwenye karatasi kabla ya kuketi, wakiwa wametulia, na kuiweka pembeni ya kompyuta. Mnada una joto lake. Mtu aliyekuwa wa kwanza kwa dakika 8 akishushwa hadi wa pili, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe, na shilingi 10 zinazoonekana ndogo kwa kilo moja ni laki moja kwa tani 10.

Dakika tano za mdogo

Brazil haikuwaacha wadogo wapigane na wakubwa mikono mitupu. Sheria ya mwaka 2006 ya biashara ndogo iliweka kitu kinachofanana na nafasi ya pili ya kupumua. Kampuni kubwa ikishinda mnada, na kampuni ndogo ikawa imetaja bei isiyozidi ile kwa zaidi ya asilimia 5, wanahesabiwa kuwa wamefungana. Yule mdogo anaitwa na kupewa dakika 5 za kutaja bei iliyo chini ya ya mkubwa. Akiweza, kazi ni yake.

Kwenye mfano wa maharage, mkubwa akimaliza kwenye Sh2,560, mdogo aliyeishia Sh2,688 bado yumo. Mnunuzi naye hapotezi, kwa sababu mwisho wa yote analipa chini ya Sh2,560. Tofauti ni kwamba mdogo sasa anajua hasa bei anayotakiwa kuivuka, na ana dakika 5 za kuipima kwenye karatasi yake badala ya kuifuata gizani.

Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2014 ni lazima zabuni zenye vipengele visivyozidi thamani ya reais 80,000 zitengwe kwa biashara ndogo peke yake. Kuna masharti na misamaha, lakini mlango upo na umeandikwa.

Mnada wenye muuzaji mmoja

Marekani ilipita njia tofauti, na kosa lake linafundisha jambo jingine. Hadi mwaka 1997 kanuni za ununuzi za Serikali yake zilikataza mbinu za mnada katika majadiliano ya bei. Katazo hilo lilipoondolewa, hakuna maelekezo yaliyowekwa mahali pake. Taasisi zikaanza kutumia mnada wa kushusha bei kila moja kwa mtindo wake, nyingi zikipitia kampuni binafsi yenye mfumo wa kompyuta ambayo ilijilipa kwa ada iliyoongezwa juu ya bei ya mshindi.

Mwaka 2013 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo hulikagulia Bunge la nchi hiyo mahesabu, ilichunguza taasisi nne, likiwemo Jeshi la Nchi Kavu na wizara inayohudumia maveterani. Zilikuwa zimenunua vitu vya dola milioni 828 kwa minada hiyo katika mwaka wa fedha 2012. Wakaguzi waligundua kuwa zaidi ya theluthi ya minada haikuwa na kushindana kwa kweli, yaani hakuna aliyerudi kushusha bei baada ya mwenzake. Katika asilimia 27, mzabuni alikuwa mmoja na alitaja bei mara moja tu. Hata hivyo ada ililipwa, na kwa minada hiyo ya mtu mmoja ilifika dola milioni 3.

Kwa maneno mengine, Serikali ililipia uwanja na mwamuzi kwa mechi yenye timu moja. Ofisi hiyo iliporudi kulichunguza suala hilo mwaka 2018, ilikuta maofisa wengi waliohojiwa bado hawaelewi vizuri ada hizo zinapangwaje.

Mwaka 2024 kanuni kuu za ununuzi za Marekani hatimaye ziliongezewa sehemu inayohusu minada hii, ikiwemo namna ofisa anavyopaswa kufanya anapopata mzabuni mmoja. Hawezi kujificha nyuma ya neno 'mnada'. Inabidi ajiridhishe kwa njia nyingine kwamba bei ni ya haki, au afute.

Nchi hiyo imetaja pia vitu visivyostahili kunadiwa kabisa. Mwaka 2016 Bunge lilikataza Wizara ya Ulinzi kununua kwa mnada vifaa vya kumkinga askari ambavyo ubovu wake unaweza kusababisha vifo vitani, na sheria iliyosainiwa Desemba 2020 ikaagiza kazi za ujenzi na usanifu zilizo tata na za thamani kubwa ziondolewe kwenye utaratibu huo. Umoja wa Ulaya nao, katika mwongozo wake wa ununuzi wa 2014, umezuia minada kwa kazi za kutumia akili kama vile kusanifu majengo. Hakuna anayetaka daraja lililobuniwa na mtu aliyekuwa akikimbizana na saa.

Mboga za shule zatolewa mnadani

Kwa mkulima, sehemu ya historia ya Brazil yenye uzito zaidi ni ile ambapo Serikali iliamua kwamba mnada haumfai.

Nchi hiyo inalisha watoto wa shule za umma kwa fedha zinazotoka Serikali Kuu kwenda majimbo na manispaa. Manispaa ilipotangaza zabuni ya nyanya, mchele au maziwa, aliyeshinda alikuwa mara nyingi msambazaji mkubwa wa mjini mwenye magari na stoo. Mkulima mwenye heka chache jirani kabisa na shule hakuwa na karatasi, wala kiasi kinachotakiwa, wala ubavu wa kushindana bei na mtu anayenunua kwa malori.

Sheria ya Juni 2009 ililikata fundo hilo. Ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha hizo za chakula zitumike kununua moja kwa moja kutoka kwa wakulima wa kifamilia na vikundi vyao, ikawapa kipaumbele waliogawiwa ardhi na mpango wa Serikali, wenyeji wa asili na jamii zinazotokana na watumwa waliotoroka. Ikaruhusu ununuzi huo ufanyike bila zabuni ya kawaida, ilimradi bei iwe inalingana na ya soko la mahali hapo na chakula kipimwe ubora.

Utaratibu wake ni mwito wa wazi. Manispaa inakusanya bei za angalau masoko matatu, inapata wastani, na kuuandika ndani ya tangazo lenyewe. Kilo ya mihogo ni kiasi fulani, basi. Wakulima hawashushani. Wanachoshindania ni ukaribu na shule, kundi walilomo na uwezo wa kuleta. Ili fedha zisiishie kwa mtu mmoja, kuna kikomo kwa kila familia kwa mwaka, ambacho mwaka 2021 kilipandishwa hadi reais 40,000 kwa kila taasisi inayonunua.

Mambo hayakuwa laini. Kwa miaka mingi zipo manispaa ambazo hazikufikia asilimia 30, nyingine zikidai wakulima hawaleti kwa wakati, na wakulima wakidai matangazo yanaandikwa kama vile yanamlenga msambazaji wa mjini. Hata hivyo nia haijarudi nyuma. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imepandisha kiwango hicho hadi asilimia 45 kuanzia Januari 2026.

Serikali ile ile inayobana bei ya karatasi na matairi hadi senti ya mwisho imeamua kwamba mchicha unaooza kwa siku mbili, na unaolimwa na mtu asiyeweza kuungoja, haubanwi kwa mtindo huo.

Afrika Mashariki

Mwaka 2011 Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilitoa sheria ya mfano ya ununuzi wa umma yenye sura nzima kuhusu minada hii. Inataka mambo matatu kabla ya taasisi kuutumia. Sifa za bidhaa ziweze kuelezwa kwa undani, kuwe na soko lenye wauzaji wa kutosha wenye sifa, na vigezo vya ushindi viweze kuhesabiwa kwa fedha. Inataka pia majina ya wazabuni yafichwe wakati wa mnada, na inaipa taasisi haki ya kuufuta kama waliojitokeza ni wachache mno. Mtandao ukikatika kiasi cha kuharibu mnada, unasimamishwa. Kwa mtu wa Songea au Kitui anayetegemea umeme wa kukatika-katika, kipengele hicho cha mwisho si kidogo.

Kenya iliutaja mnada wa kielektroniki wa kushusha bei miongoni mwa njia halali za ununuzi katika sheria yake ya mwaka 2015. Tanzania, kwa upande wake, iliagiza taasisi za umma kuendesha zabuni zao kupitia mfumo wa kompyuta wa NeST kuanzia Oktoba 2023, na sheria yake ya ununuzi ya mwaka huo inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kenya nayo ina tengo la asilimia 30 kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Kuwasilisha zabuni kwenye kompyuta si sawa na kushushana bei kwenye kompyuta, lakini mzabuni aliyekwisha kuzoea la kwanza atakuwa na hatua moja tu ya kulifikia la pili.

Akifika huko, la kuuliza kabla ya yote ni siku ya kulipwa, kwa sababu bei iliyobanwa haivumilii kuchelewa. Yule mwenye maharage akishinda kwa Sh2,560 atabakiwa na Sh60 kwa kilo, yaani Sh600,000 kwa tani 10. Kama Sh25 milioni alikopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kila mwezi unakula Sh500,000. Akilipwa baada ya siku 30 anabakiwa na Sh100,000. Akilipwa baada ya siku 60 amepata hasara ya Sh400,000, na baada ya siku 90 hasara ni Sh900,000, ingawa maharage yake yalikuwa mazuri na watoto walikwisha kuyala.

Sheria ya zamani ya Brazil ilimtaka mzabuni avumilie siku 90 za kutolipwa kabla ya kuwa na haki ya kusimamisha huduma. Ile ya 2021 imepunguza hadi miezi miwili tangu siku anapotoa ankara.